Miguu ya Bibi Emilia

"Bibi, mtu anaunguaje mguu bila kujua?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, likizo ya Juni, ile baridi ya kijijini kwao Gulwe inayowafanya wazee waote moto mpaka jua lipande. Bibi Emilia, dada mkubwa wa babu yangu, alikuwa ametoka kufundisha kliniki. Hakuwa nesi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tu kama wagonjwa wenzake, na kliniki ikamwomba awe anaongea nao siku za kupima. Alicheka, akanituma maji.

Nilipenda kumsikiliza. Aliwavua watu viatu, akalaza kioo kidogo chini, kila mmoja akatazama unyayo wake. "Ganzi ikishaingia, mguu haukwambii kitu," alisema. "Lazima uutazame wewe. Na moto, kaeni mbali nao."

Kioo walikivumilia. Kuacha moto, hapana. Babu yangu Matonya, mdogo wake huyo, mfugaji, mwenye sukari naye, ndiye aliyekuwa akiwachekesha.

"Dada, kwani moto nao una sukari?"

"Una hamu na miguu yako, Matonya."

"Basi niwe naota jua kama mjusi."

Ikawa hata Bibi akipita nyumba za watu, wanawake wanaoota moto wanavuta miguu yao na kuambiana, "Sogeeni, mwalimu huyo." Kisha wanacheka, wanairudisha.

Babu aliungua kisigino. Alikificha kidonda mpaka harufu ikamsema. Hospitali wakakata mguu chini ya goti, wakarudi wakakata juu yake. Mwaka juzi akafa, Juni tena.

Mama nami tulitoka kwetu mjini, Area D, tukafika msibani asubuhi. Wanawake walikuwa wameketi chini kuuzunguka moto waliokesha nao, Bibi katikati yao, miguu ameinyoosha. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu. Alipotaka kusimama nikamshika mkono, nikaona soksi ya kushoto imebadilika rangi. Nilipoivuta ikatoka na ngozi. Yeye alikuwa ananitazama usoni, anauliza kama tumekunywa chai.

Mguu huo haupo sasa. Anaishi kwetu, Area D, na wa pili umeanza kuwa mweusi kwenye vidole. Kule kliniki hakuna aliyeshika nafasi yake.

Juzi, nikiwa kidato cha tatu, nilimuuliza tena swali lilelile. Safari hii hakucheka. Alipapasa kitanda pale mguu ungekuwa.

"Nilijua nimekaa karibu mno, mjukuu wangu. Nikaogopa kusogea, wasije wakasema hata msibani anafundisha."