Siku Niliposhindwa Kumlaza Mama Mkwe Kifudifudi

Alhamisi, mwezi wa tatu. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Birmingham yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu, na upepo wa kuudhi tu.

Naandika haya kwa sababu mke wangu ameniambia nikiitaja tena ile kampuni ya maegesho mezani, atahama akalale wodini anakofanya kazi huko Edgbaston. Ana haki. Nimeisema sana. Basi niimalizie hapa kwenye karatasi, na nijaribu kusema kweli hata pale kweli isiponipendeza. Mimi si msomi. Niliishia kidato cha pili, na huenda kuna mahali sikuelewa.

Jambo lenyewe linamhusu mama mkwe. Anakaa nasi tangu miguu ilipomshinda. Upande mmoja ulilegea baada ya kiharusi, na nyonga ya upande wa pili haina subira. Hutembea kwa kigari cha kusukuma, hatua chache, kisha anasimama akijifanya anaangalia maduka. Kwa ajili hiyo baraza la jiji lilimpa beji ya buluu, ile kadi unayoiweka ndani ya kioo cha mbele cha gari ili uruhusiwe kuegesha karibu na mlango. Kadi ina pande mbili. Upande mmoja una mchoro wa kiti cha magurudumu, namba, na tarehe ya kwisha. Upande wa pili una picha yake.

Kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, nampeleka Saltley kwa rafiki yake, bibi mmoja Mkongo ambaye mwanawe ana duka la vyakula. Hukaa wawili hao nyuma ya duka, katikati ya magunia ya unga na harufu ya samaki wakavu, wakiongea Viswahili viwili. Mama humwambia mwenzake kwamba Kiswahili chake kimevunjika mguu. Mwenzake humjibu kwamba cha mama kimevaa tai. Hiyo ndiyo siku moja katika wiki ambayo mama huongea mpaka akachoka. Nyumbani mimi na mke wangu tunapishana zamu, yeye na wagonjwa wake, mimi na wazee ninaowahudumia majumbani kwao, na watoto ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Ukimnyima Alhamisi, umembakishia dirisha na televisheni.

Nyuma ya maduka yale kuna uwanja wa kuegesha, na uwanja unasimamiwa na kampuni ya watu binafsi. Nikiri kwanza mazuri yake: nafasi za walemavu zipo mbili, zimepakwa rangi vizuri, na ubao wa masharti upo. Ubao umetundikwa juu sana na maandishi ni madogo kama ya dawa ya kikohozi, lakini upo. Siwezi kusema haupo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza beji ilikuwa mpya, imefika kwa posta wiki ileile, na picha ilikuwa mpya vilevile. Mama aliipenda. Njia nzima aliishika mkononi akijitazama. Alikuwa kiti cha nyuma, maana mama mkwe haketi bega kwa bega na mkwewe, hata kama gari ni dogo na kiti cha mbele kimekaa bure. Tulipofika alinipa beji, nami nikaiweka kwenye dashibodi kama kijitabu chake kinavyoagiza: mchoro juu, picha chini.

Mama akasema, "Mwanangu, mbona wanilaza kifudifudi?"

Sijui kama ni mila yao au ni yeye tu. Alinieleza, kwa upole, kwamba kwao picha ya mtu huigeuzi ikatazama chini mwenyewe akiwa hai. Ya marehemu ndiyo watu huigeuza, siku za matanga. Na mimi ni mkwe. Angekuwa mama yangu mzazi ningecheka, ningemwambia serikali ndivyo itakavyo. Kwa mama mkwe huchagui maneno hivyo. Nikaigeuza. Uso wake ukaangalia juu, umetabasamu, na mchoro wa kiti ukalala chini usionekane na mtu. Mama akaridhika. Alisema sasa yeyote atakayepita ataona ni yeye.

Na akapita mtu. Alikuwa mlinzi wa uwanja, mtu mzima mwenye koti la njano, na nimtendee haki: alitusalimu, akasogeza kikapu cha taka ili kigari cha mama kipite. Tulipoingia dukani akapiga picha gari letu. Mvua ilikuwa ikimnyeshea na kazi ndiyo hiyo aliyopewa. Kwake sina neno.

Maneno yangu ni kwa waliomtuma.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili hivi. Nikaiita faini. Mke wangu akanisahihisha kwamba faini hutozwa na serikali au mahakama, hawa ni watu binafsi, kwa hiyo hii ni "malipo". Lakini mbona imevalishwa nguo za serikali? Mistari myeusi na ya njano pembeni, namba ndefu ya kesi, maneno mazito mazito, na kiasi cha paundi mia kwa herufi nene ambacho kingepungua nusu kama ningeogopa nikalipa upesi. Hiyo si hesabu ya kosa, nilimwambia mke wangu. Kosa halipungui uzito kwa sababu mkosaji ana hofu.

Na sababu yao ni mkataba. Eti nilipoingiza gari nilifanya nao mkataba, na mkataba ni ule ubao. Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Mkataba wa kumpata binti ya mama huyu ulichukua vikao vya wazee, chai, ugomvi juu ya mbuzi, maridhiano juu ya mbuzi, na mjomba mmoja aliyeondoka kwa hasira akarudi kwa njaa. Watu walitazamana usoni. Hawa wenzetu mkataba wao ni kupita chini ya ubao huku unatafuta pa kuegesha.

Barua ilisema hapakuonekana beji halali ndani ya gari. Nikajua mara moja kilichotokea, na hapo ndipo nilipokwama. Nikimweleza mama, nitakuwa nimemwambia kosa ni lake. Mkwe hasemi hivyo. Kwa hiyo nikaificha barua kwenye kabati la sufuria, na mke wangu akaiona siku hiyohiyo, maana yeye ndiye anayepika.

Akasema nilipe tulale. Nikasema hapana, hili ni jambo la haki. Akaniuliza kwa nini basi sikuirudisha beji ilivyotakiwa mama alipokwisha kushuka garini. Swali zuri. Nimelifikiria sana. Nilimjibu kwamba mama angerudi akakuta nimemgeuza akiwa hayupo, na hilo lingekuwa baya zaidi.

"Wewe unamwogopa mama yangu kuliko unavyoiogopa mahakama," akasema.

Nikamwambia mahakama haikunipa mke.

Tulidhani mama amelala. Alhamisi iliyofuata alisema miguu inamuuma. Alhamisi ya pili yake akasema kuna baridi. Ya tatu hakusema kitu. Alibaki na khanga yake mabegani akitazama kipindi cha watu wanaonunua nyumba ambazo hawazitaki. Rafiki yake alipiga simu, mama akamwambia ana mafua. Hana mafua. Mwishowe mke wangu, ambaye kwa kuwa ni binti ana ruhusa nisiyo nayo, alimuuliza waziwazi. Mama akajibu kwamba yeye si mzigo wa kulipiwa kila anapotoka, na beji tuirudishe kwa wenyewe.

Ndipo mke wangu akaitoa barua kabatini akampa, yote, pamoja na picha walizozichapa kama ushahidi. Mimi nilikuwa mlangoni, sijui niingie au nitoke.

Mama alivaa miwani. Kiingereza cha barua hakikumsumbua, aliruka moja kwa moja kwenye picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Ilikuwa picha safi, lazima nikubali, wana kamera nzuri. Kioo cha gari, dashibodi, na juu ya dashibodi uso wa mama mkwe ukitabasamu.

"Wanasema nini hawa?" akauliza.

Mke wangu akamwambia wanasema hawakuona beji yake.

"Mbona mimi huyu hapa?"

Akaigonga picha kwa kidole.

"Wameniona. Wamenipiga picha, wakaiweka kwenye barua, wakainunulia stempu, wakaniletea nyumbani kwangu, kuniambia hawakuniona."

Mimi nimesoma barua ile mara ngapi sijui, nikitafuta mahali pa kuishika. Yeye aliishika kwa mara moja. Sisemi kwamba hilo linatuondolea kosa. Masharti yanasema mchoro uonekane, na mchoro haukuonekana. Lakini watu wenye akili timamu, wakishika mkononi picha ya uso wa mlemavu mwenyewe, ndani ya kadi ya baraza, ndani ya gari lililo kwenye nafasi yake, wangeuliza swali moja kabla ya kudai pesa. Kuuliza ni bure. Pengine ndiyo sababu hawaulizi.

Nikaandika rufaa. Jioni tatu nzima. Nilishindwa na neno kifudifudi. Kila nilivyoligeuza kwa Kiingereza ilionekana kama nilimwangusha mama sakafuni, na nikaogopa wataniletea maafisa wa ustawi wa jamii. Mwishowe nikaandika tu kwamba mwenye beji ni mama mkwe wangu, kwamba kwetu ni utovu wa adabu kumgeuzia mtu hai uso chini, kwamba beji ni yake na haijaisha muda, na nikaambatisha nakala ya pande zote mbili. Nikaongeza kwamba mlinzi wao alikuwa na adabu, kwa kuwa alikuwa nayo.

Nilitaka kuwapelekea kwa mkono nione sura ya mtu. Hawana mlango. Wana sanduku la posta, tovuti, na simu inayopiga muziki. Watu wanaoshtaki mji mzima kwa kutoonekana, wenyewe hawaonekani hata kwa dirisha.

Jibu lilianza kwa kunishukuru. Likasema wanawajali sana wateja wenye ulemavu. Likasema wamezingatia kwa makini yote niliyoeleza, halafu likarudia neno kwa neno sentensi ya barua ya kwanza, kwamba hapakuonekana beji halali. Sahihi ilikuwa ya Idara ya Rufaa. Idara nzima imekaa, imefikiri, na mkono wa kuandika jina haukupatikana. Sijui kama kuna mtu aliyesoma. Labda alisoma na nikamchosha, mimi huandika marefu. Lakini naona aibu kwa niaba yao, na si mara nyingi mimi kuona aibu kwa niaba ya kampuni.

Kuna waamuzi wengine wa nje unaoweza kuwapelekea, nami nimewapelekea. Jibu halijaja. Tunaweza kushindwa. Nilimwambia mama hivyo leo asubuhi, kwa kuzungukazunguka, kwa sababu sikutaka ajengewe matumaini na mtu wa kidato cha pili.

Alikuwa amekwisha kuvaa koti.

"Wakishinda walipwe," akasema. "Lakini Alhamisi ni yangu."

Tukaenda na manyunyu yetu. Niliegesha palepale, kwenye nafasi ileile. Niliishika beji nisijue nifanyeje. Mama akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akaidai. Akajitazama kidogo. Halafu akaegemea katikati ya viti, kwa shida, akaguna kwa ajili ya nyonga, akajilaza mwenyewe kwenye dashibodi, uso chini.

Nikamwambia, "Mama, ningeweza kuiweka mimi."

"Wewe usingeweza. Nikijilaza mwenyewe si tusi. Ni kupumzika."

Mlinzi wa koti la njano alikuwepo. Alitusalimu, akaangalia kioo, akapiga picha mbili. Sijui za nini. Nilitaka kumuuliza, nikamwacha. Huenda hata aliyefuata masharti hupigwa picha.

Bibi wa Kikongo aliposikia habari yote alipiga makofi mara moja akauliza, "Bale batu beko na macho ya nini?" Mama akamwambia aseme Kiswahili: wale watu wana macho ya nini. Wakaendelea hivyo mpaka saa kumi na moja, mimi nimekaa juu ya gunia nikisubiri, nikisikia sauti ya mama ikipanda na kushuka kule nyuma. Mara mbili alicheka mpaka akakohoa. Mwenye duka alitaka kuwapunguzia kelele kwa ajili ya wateja, akaona mama zake wamemkazia macho, akarudi kwenye mizani yake.

Kurudi, kwenye taa za barabarani, mama alilala. Mke wangu alipotoka zamu alimkuta jikoni amekaa kwenye stuli, ananielekeza namna ya kuchemsha samaki mkavu ili chumvi ipungue, na mimi nafuata amri. Hakuuliza habari za kampuni, nami sikuitaja. Tulikula ugali na sombe, kile kisamvu chao, aliyotupa yule bibi, ya mawese, na samaki ambaye chumvi haikupungua. Watoto walikula samaki wakaacha sombe, wakajikaangia mayai.