Nilivyouza kitabu cha mzee wangu sokoni Tawa na mimi kusoma sijui

Wakuu, salimianeni wenyewe kwa wenyewe kwanza, mimi bado natafuta pahali pa kukaa.

Haya. Mimi ni susu yenu, yaani nyanya yenu, wa Matiliku. Shule niliiona nikipita nje na kuni. Hii simu naiongelesha inaandika, na mkijibu inanisomea na sauti ya mwanamke ana mafua. Pahali imekosea, mlaumu huyo.

Yale nasema yalifanyika. Chumvi nimeweka, lakini ni ya kuonja tu.

Nimeskia kijana hapa akilia ati ametoa kitabu yake mwenyewe, hakuna mtu ananunua, marafiki wanaweka tu like. Pole kijana. Kuja nikuambie ya mume wangu, mzee Nzioka.

Nzioka alikuwa fundi wa baiskeli hapo sokoni, miaka ya themanini. Mchana mikono ni grisi, jioni anaosha na majivu, anaandika.

Hadithi ilikuwa ya mchuuzi wa mbuzi, Kasyoka, mwenye alienda kununua mbuzi huko kaskazini akakaa sana. Siku ya kurudi anapata viatu za mwanaume mlangoni kwake, na si zake.

Kila jioni ananisomea, mimi nachambua ndengu. Nikiingilia anasema na ile sauti yake ya chini, kama mtu anaongea na pampu, "Mama Mutinda, hebu nyamaza kidogo, umenitoa kwa laini."

Namjibu, "Nikate ulimi, nitaongea na kiwiko."

Hiyo ni msemo yangu. Kwetu hakuna mtu mwingine anasema hivyo. Wekeni hapo kando, tutairudia.

Wenye kuchapisha vitabu wakamrudishia. Akaamua atachapa mwenyewe huko Machakos mjini. Na pesa ikatoka wapi? Ikatoka kwa ng'ombe yangu ya maziwa, ile nyeusi nilipewa na mama.

Akaniapia, "Vitabu zikiisha nakununulia ingine."

"Na zisipoisha?"

"Basi sitashika kalamu tena."

Mzee alimaanisha. Hapo nikaumia mara mbili, ya ng'ombe na ya yeye. Kwa sababu Nzioka bila kalamu alikuwa mtu wa kukaa akiangalia ukuta. Nilikuwa nimemwona hivyo kabla aanze hiyo mambo ya kuandika, na sikutaka kumwona tena.

Vitabu zikakuja juu ya basi, katoni zimefungwa na katani. Cover iko na picha ya mlima. Wakuu, kwa hiyo hadithi hakuna mlima hata mmoja. Mwenye mashine ndiyo picha alikuwa nayo.

Siku ya soko Nzioka akavaa koti ya kanisa, akaweka meza, akaongea kama redio. "Mabibi na mabwana, riwaya hii inaangazia changamoto za jamii."

Watu wanapita. Mama mmoja akasimama, nikashukuru Mungu.

"Hizo ni nyimbo za kanisa?"

"La, mama. Ni riwaya."

"Inatibu nini?"

Nzioka akarudi nyumbani na katoni yake. Soko ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hakuenda, akasukuma vitabu chini ya kitanda. Nikifagia nikaona mchwa imeshajenga barabara kutoka ukutani hadi kwa katoni. Nikasema hapana. Mchwa haiwezi kula ng'ombe yangu.

Asubuhi ya soko ya Tawa nikaweka vitabu kwa kiondo, juu nikafunika na ndengu. Sikumwambia.

Huko nikakaa na wamama wa vitunguu. Sikusema nauza kitabu. Nikaanza tu, "Nyinyi mlisikia yenye ilimpata Kasyoka?"

Kusoma sijui, lakini hadithi yote ilikuwa kwa kichwa, si nilisomewa? Nikatoa sauti ya Kasyoka akibembeleza bei. Nikatoa ya chifu, mwenye anakohoa kabla ya kila neno ndio ujue ni neno ya serikali. Nikatoa ya mbuzi pia. Watu wakaacha vitunguu.

Nikafika pale Kasyoka ameshika mlango na anaangalia zile viatu. Nikanyamaza. Nikaanza kupima ndengu.

"Mama, viatu ni za nani?"

"Iko humu." Nikatoa kitabu. "Mimi sijui kusoma. Mwenye anajua anunue atusomee."

Kijana, hiyo ndiyo mnaita marketing. Mtu hanunui kitabu. Ananunua viatu ni za nani.

Mwalimu mmoja mwembamba wa pale Tawa akanunua, akasimama juu ya gunia akaendelea kutoka mlangoni. Kumbe mke wa Kasyoka amesimama hapo ndani ananuna. Huyo mke mimi sikuwa namjua vizuri. Nzioka akifika kwake alikuwa anasema, "Hapa bado narekebisha," anaruka.

Mwalimu akasoma vile Kasyoka anafoka, anamwambia mke anyamaze. Mke anamwangalia, anamwambia, "Nikate ulimi, nitaongea na kiwiko."

Hiyo ni yangu! Kabla ya hadithi, si nilikuwa nimemwambia mama mmoja wa vitunguu hivyo hivyo, aliponiambia nasumbua soko?

Huyo mama akaniangalia. Soko yote ikaniangalia.

"Mama Mutinda," akasema pole pole, "huyu ni wewe."

Wakuu, miaka yote naiga pasta, naiga chifu, naiga mama mkwe akimeza dawa. Hakuna siku nilijua vile inaskika ukiigwa. Masikio ilishika moto. Na mwalimu hakuacha, yule mke akaendelea kuongea na maneno yangu yote ya jikoni, mpaka ile nilisema siku ng'ombe ilienda, kumbe aliiongeza kabla ya kupeleka kwa mashine. Watu walicheka mpaka mwingine akakalia nyanya.

Vitabu za kiondo zikaisha. Nikarudi nyumbani nimebeba hasira tupu.

Nzioka alikuwa anabandika tairi. Nikamwekea kiondo tupu na pesa mbele, nikamwambia, "Umeniuza na ng'ombe yangu pamoja."

Hakuinua kichwa. "Hao wengine wote nimewatoa kwa kichwa, na mtu akiwafinya hawasemi kitu. Nikakuweka wewe ndio nyumba iwe na mtu."

"Mbona hukunisomea?"

"Ungenikatia kalamu."

Ni kweli, ningemkatia.

Nikalala nayo hiyo. Asubuhi nikamwambia leta katoni ingine, lakini kwanza nisomee huyo mwanamke wote. Akasoma. Pahali alikosea nikamwambia, hapa singeongea hivi, hapa ningelia kwanza. Alikuwa amenipata karibu yote. Viatu pia zilikuwa na maana, lakini hiyo siwaambii.

Tangu hapo sikujificha. Nilikuwa nasimama sokoni nasema, "Mimi ndiye yule mke, kujeni mniskie nikijitukana." Nikafika hata Kyuso kwa dada yangu. Huko kulikuwa na mzee mwenye duka, Haji, mtu wa kuongea polepole, nikamwachia vitabu. Akaniambia, "Mama, usikiweke na madaftari. Weka hapa kwa chumvi. Chumvi kila nyumba inanunua." Aliuza kuliko mimi.

Vitabu ziliisha. Ng'ombe ilikuja, ya kahawia, mbaya wa tabia. Na jioni Nzioka akaosha mikono na majivu akakaa mezani. Mimi nikachukua ndengu zangu nikakaa karibu kuliko kawaida, na nikaingilia makusudi.

Sasa kijana, fundisho yangu ni hii. Cover ni sawa, online ni sawa. Lakini ndani umeweka nani mwenye akifinywa atasema ai? Na umekiweka karibu na chumvi gani?

Wenye vitabu iko chini ya kitanda, semeni hapa, nitasomewa. Na kama mmoja wenu ameniiba sauti, aniambie tu mapema. Nikuje nimuuzie.