Lusubilo na Misukule wa Kibanda cha Uledi

Tunduma nzima hakukuwa na mtu aliyeipenda gemu kama Lusubilo, wala hakukuwa na aliyeicheza vibaya kama yeye. Usicheke kwanza. Lusubilo alikuwa fundi pancha, mtu wa kufungua tairi la semi huku anapiga soga na utingo, kwa hiyo usidhani vidole vyake vilikuwa vizito. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakutaka kupiga misukule.

Na gemu yenyewe, jamani, ndiyo ya misukule! Watu wanne mnashika pedi, kioo cha televisheni kinagawanyika mafungu manne, mnatupwa ndani ya mji uliokufa. Misukule wanatokea kila kona, midomo wazi. Kazi yenu ni kuwapiga risasi, kulindana, na kufika kwenye helikopta. Mwenzenu aking'atwa, mmoja wenu amwahi amwinue. Mkichelewa, basi tena: naye anageuka msukule, anaamka na nguo zake zilezile, anawarudia nyie nyie.

Mwaka huo wa 2013, katika kibanda cha gemu cha Uledi, nyuma ya maegesho ya malori, kulikuwa na timu moja inayojulikana. Nahodha alikuwa Shamimu, muuza vitenge, mwanamke mwenye mdomo wa kumfanya dereva wa lori aombe radhi kwa kosa la mwenzake. Alikuwepo Boazi wa bodaboda, ambaye alicheza kama alivyoendesha, yaani bila breki. Alikuwepo Zahoro, muuza spea, mtu wa Tanga mwenye maneno ya taratibu. Yeye ndiye aliyempokea Lusubilo siku aliposhuka kutoka kijijini kwao Isansa na begi moja, akampa pa kulala, akamtafutia na jeki ya kuanzia kazi. Wa nne ni huyo huyo Lusubilo.

Wenzake walipiga, yeye alifungia. Msukule akimjia, Lusubilo anarudi kinyumenyume, anamvuta mpaka ndani ya nyumba, anamzungusha meza, anachomoka, anafunga mlango. Akija mwingine, hivyo hivyo. Siku moja Boazi aliishiwa risasi, akaona duka, akakimbilia mlango akidhani ameokoka. Lahaula! Wakamwagika wote aliokuwa amewafungia Lusubilo tangu mchezo uanze. Boazi alipiga ukelele mpaka akaanguka na kiti.

"Hivi wewe," Shamimu alimgeukia Lusubilo, "ni mwenzetu au mfugaji wao?"

"Nimewahifadhi tu, dada."

"Umewahifadhi! Unasubiri wanenepe?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko, na Lusubilo akacheka nao. Sababu yenyewe hakuisema. Angeanzia wapi?

Sababu ilikuwa nyumbani. Lusubilo akiwa bado mtoto, kaka yake, Sadoki, alishikwa na homa wakati wa kuchuma kahawa, na kabla watu hawajapata gari la kumpeleka hospitali akawa amekwisha fariki. Alizikwa harakaharaka kwa sababu ya mvua. Haukupita muda mnunuzi mmoja wa kahawa akaleta maneno kwamba huko Msangano amemwona kijana, ni Sadoki kabisa, analima shamba la mtu, haongei, hatazami. Unajua mwenyewe maneno ya namna hiyo yanavyoota mizizi. Mama akakata shauri: mwanangu hajafa, amechukuliwa msukule, tulichokizika ni mgomba. Tangu hapo katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kusema "marehemu". Chakula cha Sadoki kilipakuliwa, kikafunikwa, kikangoja. Na watoto waliobaki waliusiwa: mkikutana na msukule popote pale, msimpige, ni mtoto wa mtu. Mwiteni kwa jina lake, huenda akarudi.

Lusubilo sasa alikuwa mtu mzima, na kichwa chake kilijua kwamba homa ni homa. Lakini kidole kilikuwa bado ni cha yule mtoto wa Isansa. Kilipofika kwenye kitufe, kiligoma.

Mambo yakawa mambo pale vijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walipoleta changamoto. Kila timu icheze zamu yake, itakayofikisha japo mtu mmoja kwenye helikopta ndiyo mshindi, na itakayoshindwa itoe jogoo.

Shamimu hakuzunguka mbuyu. "Lusubilo, Jumapili usipopiga, kiti chako anakalia Enoka, yule anayesubiri nafasi mlangoni kila siku. Sikuchukii, mdogo wangu. Ila sitaki kuchekwa mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia."

Kwa mtu mwingine kile kilikuwa kiti cha plastiki chenye ufa. Kwake yeye ndipo mahali pekee mjini alipotaniwa kwa jina lake, akaulizwa kama amekula, akatafutwa asipoonekana. Akitolewa pale, atarudi kuwa fundi pancha asiye na mtu. Aliogopa kweli.

Jumapili, watu wametoka kanisani, kibanda kikajaa mpaka mlangoni. Wanakonde wakaingia na salamu zao za "Mulishani!", wakakaa, wakacheza vizuri, wakaliwa wote darajani. Ikawa zamu ya wenyeji.

Lusubilo alijitahidi, tusimnyime haki yake. Alipiga mapipa, alipiga vioo, alipiga matairi ya magari yote aliyoyakuta, mpaka Uledi akauliza kama anajitafutia wateja. Lakini risasi yake haikumpata msukule hata mmoja. Boazi akaenda mbio zake, akaingia katikati ya kundi, kwisha. Shamimu akamfuata kumwinua, akaliwa naye huku anatukana kwa Kiswahili na Kibemba. Wakabaki wawili, na helikopta hiyo inaonekana.

Hapo Lusubilo akang'atwa, akaanguka. Zahoro alikuwa ameshafika mbele, angeweza kupanda. Akageuka. Akarudi mbio, akamwinua, na wakati anamwinua wakamrukia mgongoni. Lusubilo kusimama, kutazama, amechelewa: Zahoro wa kwenye kioo amekwisha inuka, kofia yake nyekundu kichwani, mdomo wazi, kasimama kati yake na helikopta.

"Piga!" Shamimu alipiga kelele. "Piga, Lusubilo!"

Lusubilo akainuka kitini. "Zahoro!" aliita kwa sauti yote. "Zahoro wee! Ni mimi Lusubilo! Rudi, kaka! Rudi!"

Wanakonde walicheka mpaka wakashikana mabega. Boazi akaficha uso. Lakini Zahoro, aliyekuwa amekaa palepale pembeni yake, alisikia kwamba wito ule haukuwa wa mchezo, na hakucheka. Aliweka pedi chini, akamshika bega.

"Naam, mdogo wangu," alisema. "Umeniita, nimeitika. Mimi nipo hapa. Yule pale siye mimi."

Lusubilo akamgeukia. Akamtazama Zahoro mwenye ndevu zake chache na harufu yake ya grisi. Akarudisha macho kwenye kioo. Kofia nyekundu ilikuwa imeshamkaribia.

Akabonyeza.

Kilichofuata ni vurugu. Helikopta ilipaa na Lusubilo ndani, Boazi alicheza juu ya benchi, Uledi alikumbatia televisheni isianguke. Wanakonde, waungwana wale, walitoa jogoo wao bila kubisha, akafungwa kwenye mguu wa kiti chenye ufa.

"Kumbe kidole unacho!" Shamimu alimpiga Lusubilo mgongoni, kisha akainama akamwona machozi. "We! Tumeshinda, unalia nini?"

Lusubilo alijifuta kwa mkono wa shati.

"Marehemu kaka yangu," alisema. "Sadoki. Angeipenda sana hii gemu."

Uledi akapunguza sauti ya televisheni.

"Mungu amrehemu," alisema Zahoro.

"Amina," wakaitikia, hata Wanakonde, hata Boazi akiwa bado juu ya benchi.

Shamimu alivuta kiti chake, akakaa karibu, sauti ameiteremsha kuliko walivyowahi kumsikia.

"Pole, mdogo wangu. Alikuwa mtu wa namna gani huyo Sadoki?"

Lusubilo akafikiri. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akavuta pumzi, akawaambia kwamba alikuwa mrefu, mbishi, na mwoga wa majogoo.