Land Rover ya Matofali ya Godefroid

Godefroid alinichekaka mbele ya bantu mu mwaka ya 1974, na kicheko ile ilibakia mu masikio yangu miaka kumi. Banasema mama muzee anapashwa kusamehe. Bale banasema vile, habakuchekwa.

Niseme ni nani, juu kuko bale habamujue. Godefroid iko maçon, fundi ya matofali, jirani yangu hapa Katuba, lupangu yake, kiwanja ya nyumba, iko mbili toka ku lupangu yangu, kando ya robine yenye tunashotelea mayi. Baba yake alitoka kaskazini na kazi ya reli. Bapadri njo balimufundisha kujenga. Zile villa za bakubwa kule Golf, zenye balcon ya juu na piscine ya kuogelea na imbwa yenye inakula nyama, ingine ni mikono yake. Wakati majina ya kizungu ilikatazwa, ku karte yake baliandika Citoyen Kapya. Katuba yote iliendelea kumuita Godefroid, ata bibi yake.

Ni muntu mufupi, miguu ya bata, na kiburi ya muntu murefu. Iko na tabia moya yenye sikuona kwa maçon mwingine: udongo ya kichuguu anailamba. Anakata kipande, anatia ku ulimi, anafunga macho sawa vile padri na divai. Kama inamupendeza, anasema, "Hii itakubali moto." Kama haimupendeze, anatema, ata kama miguu yako iko pale. Matofali yake haipasuke, hapo simutie bongo, simusemee uongo. Ni kazi moya tu alifanyaka mubaya, na ile moya njo ilinigusa mi.

Bwana yangu Léonard alikuwa chauffeur ya bazungu bale ba kutafuta majiwe ya mukuba, kule Kambove. Alitembeza Land Rover yao. Ile motokari baliinunua Zambia, na kule banapita upande ingine ya barabara, basi volant yake, ule usukani, ilikuwa ku mukono ya kuume. Mi niliipandaka. Bwana yangu alikuwa anabadirisha vitesse, zile gia, na mukono ya kushoto, na kila mara kiwiko yake ilikuwa inanigonga ku mbavu, juu nilikaa ile kipande ingine. Muke hasahau kintu yenye inamugonga ku mbavu.

Mu 1968, mu mvua mingi, muke moya jina yake Nkandu alikuwa anazaa mubaya mu kijiji nyuma ya muto. Pont, daraja ya miti, ilishabebwa na mayi. Léonard akamupakia mu Land Rover, akapita mukati ya muto. Kijana yake ya kazi, Alexis, mwenye alikuwa anasafisha motokari na anatia majiwe ku tairi, alitembea mbele mu mayi na kijiti murefu, anapima pa kukanyaga. Ile ilikuwa kazi ya muntu pia, sikatale. Nkandu alifika ku hôpital, akazaa.

Mu 1973 Léonard akakufa. Tukalala kilio. Kwetu mujane anakaa chini ku mukeka, kichwa ndani ya kitambaa, na kinywa yake banamufungia na desturi: hawezi kujibu muntu mpaka banamutosha, banamutoa mu kilio. Na mi nilikuwa pale chini wakati Alexis alisimama karibu na moto, chupa mu mukono, akaanza kuelezea bantu ile hadisi ya muto. Nikasikiliza. Mu kinywa yake, ni yeye alishika volant. Léonard njo alitembea mu mayi na kijiti.

Ku kilio ya Léonard! Maiti haijapoa! Nikauma kitambaa mpaka nikasikia damu. Bote balikuwa banasema, "Ée, Alexis, weye mwanaume." Na Godefroid alikuwa pale, kinywa wazi, anameza yote.

Ile hadisi ilimulevya. Mbele ya kunitosha mu kilio, alishajenga mbele ya mulango yake Land Rover ya matofali. Si ya kutembea, ya kuangalia: kimo ya mbuzi mukubwa, phares, mataa ya mbele, mbili ya sahani, volant ya mugurudumu ya velo, baiskeli ya mutoto. Ku mbavu aliandika na peinture: CHAUFFEUR ALEXIS. Bantu balitoka mpaka mutaa ya Kenya, hapa mu muji, kuya kuiona. Photographe alitia kiti yake pale kila dimanche, siku ya misa. Bale ba arusi balipiga foto, na Alexis iko nyuma ya volant, magoti imekunjwa mpaka ku kidevu, banamununulia pombe.

Siku nilivaa tena nguo ya rangi, nilienda pale. Bantu balijaa. Nikasema, "Baba Godefroid, hadisi yako iko bongo, na volant umeitia upande mubaya. Ile ya Kambove iko ku kuume."

Akacheka. Akashika tumbo, akacheka. "Mama Kunda! Muke na volant? Weye unajua upande ya kuweka sufuria, ile njo inatosha!"

Bote balicheka. Alexis alicheka kupita bote, na yeye njo alijua. Chauffeur ya kweli angelalamika siku ya kwanza: "Eh, maçon, unanikalisha mu kiti ya mwingine!" Yeye alikaa, akanyamaza, akakunywa.

Tangu pale sikumusalimia Godefroid. Mutoto yangu Kunda, ku masomo, balimuita Mutoto ya Kijiti. Mpaka anaoa, banamuita vile. Bibi yake aliniuliza siku moya, "Mama, ni jina ya bankambo, bazee ba zamani?" Nikaacha sufuria ya bukari ku moto, nikatoka inje, nikalia kidogo. Sikutaka makuta, feza ya muntu, wala zawadi. Nilitaka jina ya Léonard irudie mu kiti yake.

Mwaka ya 1983, mu mwezi ya pili, mvua ilinyesha siku ine. Land Rover ya Godefroid ikaanza kuregea. Njo tulijua: muzee ya kulamba udongo, kwa haraka ya kujionyesha, alitumia matofali mubichi, hayakuona moto, alipaka tu ciment juu. Nikatosha kiti yangu ku mulango, nikakaa, nikaangalia. Phare ya kushoto ilianguka saa ine. Capot, kifuniko ya injini, ikafuata. Jioni kulibakia matope na mugurudumu ya velo.

Nilikula muzuri ile siku.

Sasa, mwaka yenye ilifuata, wakati ya kiangazi, Edith, bibi ya Godefroid, akaniambia ku robine. Edith sikumukasirikia, yeye aliteseka tayari kwa kuolewa pale.

"Mama Kunda, muzee anajenga ingine."

"Ingine nini?"

"Land Rover. Ya kipimo yake ya kweli, muntu mukubwa ataingia bila kukunja magoti. Na safari hii matofali yote inapita mu moto. Anasema itazidi yeye maisha."

Nikasema, "Ajenge. Inanihusu nini?" Nikabeba ndoo yangu, nikaenda. Lakini ile siku nilirudi ku robine mara ine, na ku nyumba hakukuwa tena chombo ya kutia mayi.

Aliizungushia mabati na mifuko, hakuna muntu kuona. Basi mu mabati kulikuwa tundu ya musumari. Nilikuwa nainama pale sawa vile natosha jiwe mu kiatu. Bantu bakaanza kusema, "Mama Kunda viatu yake inakula majiwe." Niliona tairi mbili kwanza, matofali alichonga moya moya mpaka ikakuwa ya muzunguko. Niliona capot, na tairi ya spare ikilala juu yake, kabisa sawa ile ya Kambove. Lakini mbele, pa kukaa, alifunika na gunia. Volant itaenda upande gani? Ile njo nilitaka kujua, na nilikatala kuuliza.

Siku moya sikusikia nyundo. Ya pili, hapana. Ya tatu, nikashindwa.

"Edith, bwana yako iko mugonjwa?" niliuliza, sawa vile natafuta kintu mu ndoo.

"Alienda Kambove. Anasema hawezi kujenga ya kipimo ya kweli bila kupima ya kweli. Balimuambia ile motokari ingali kule, nyuma ya atelier, pa kutengenezea motokari, majani inaota mukati."

Nikaacha ndoo ikamwangika.

Alirudia na kamba yake ya maçon, imejaa mafundo toka mwanzo mpaka mwisho, juu yeye hapimaka na kintu ingine. Kesho yake nikasikia nyundo, lakini si ya kujenga. Nikakimbilia ku tundu yangu. Godefroid alikuwa anabomoa. Kipande yote ya mbele, pa kukaa, alitosha matofali ya moto muzuri, anatupa. Edith analia, "Ni kazi ya wiki mbili, Baba!" Yeye anatosha ingine.

Jioni, jua ingali, akasimama ku mulango yangu. Miaka kumi hakukanyaga pale.

"Hodi, Mama Kunda."

Nilikuwa nachambula matembele. Sikuinua kichwa.

"Mama, ninakuya kuuliza kintu moya. Marehemu, alikuwa anabadirisha vitesse na mukono gani?"

"Unauliza nani?"

"Ninakuuliza weye."

"Mi najua upande ya sufuria. Enda uulize chauffeur yako."

Nikaona miguu yake ya bata inageuka. Ku barabara akasema, polepole, "Eyo. Muzuri. Nitamuuliza."

Ile ilinikatalia kulala vizuri wiki mbili. Atamuuliza namna gani? Na kama Alexis anajibu muzuri? Hakusahau kabisa, alikuwa mu ile motokari. Anaweza kusema "kuume" na hadisi inabakia yake milele, safari hii mu matofali ya moto yenye hakuna mvua itavunja. Nilijitukana. Kama ningesema ile jioni! Lakini kinywa yangu, kisha kufunga, inafunga.

Dimanche ya pili ya septemba, nyuma ya misa, Godefroid akaangusha mabati. Motokari iko pale, imefunikwa na bâche, turubai ya camion, kubwa, phares peke inaonekana chini kidogo. Bantu habakuwa na pa kukanyaga. Alexis alikuya na abacost mupya, suti ya bakubwa, na lunettes, miwani nyeusi, photographe nyuma yake. Mi nilisimama na Kunda karibu na robine.

Godefroid akapanda ku jiwe. "Bandugu, mbele ya kufunua, chauffeur asimame ku mulango yake. Afunguliwe yeye wa kwanza. Citoyen Alexis, enda ku nafasi yako."

Alexis hakufikiri ata kidogo. Akatembea na mikono nyuma sawa vile mukubwa, akapita mbele ya phares, akazunguka, akasimama ku mukono ya kushoto ya motokari.

Nikashika Kunda ku mukono. Miguu ya Alexis ilimupeleka pale alikaaka kila siku, akiwa kijana ya kusafisha. Na miaka tisa ya kukaa mu ile ya matope ilimaliza kumupoteza.

Bâche ikavutwa.

Ku kushoto hakukuwa volant. Kulikuwa kiti ya matofali, na juu yake Godefroid alilalisha kijiti murefu. Volant ilikuwa kule ingine, ku kuume, ya chuma, nyeusi.

Mama moya ya kuuza mikate akapaza sauti, "Chauffeur, mukono yako itafika kule?" Na kicheko ikatoka, ile ile ya 1974, lakini ilibadirisha njia.

"Maçon, umekosea!" Alexis akasema. Lunettes ilianguka ku pua.

"Nilikosea zamani," Godefroid akajibu. "Hii niliipima. Enda Kambove, iko pale, upime na weye. Mwenye alikaa ile kipande, alikuwa na kijiti. Unaisimamia karibu, weye mwenyewe, hakuna mwenye alikusukuma."

Alexis akatafuta njia ya kupita. Bantu balimuachia njia nyembamba, kila moya akamuambia yake.

Godefroid akashuka ku jiwe, akakuya mpaka ku robine, mbele yangu, na bote banasikia. Mu mukono yake pinceau ya kuandikia na kopo ya peinture.

"Mama Kunda, uliniambia upande, nikacheka. Ninaomba pardon. Sema jina, niandike."

"Léonard. Andika kubwa. Na ile kipande ingine andika Alexis pia, juu alipima mayi. Mi sisemake bongo."

"Na pardon?"

Nikamuangalia, miguu mpaka kichwa. Haikuwa njia murefu.

"Pardon yako itie kwanza mu moto, Godefroid. Ile ingine ulijenga mubichi."

Akainamisha kichwa, akaenda kuandika. Mi nikamuambia Kunda, "Panda." Akapanda ku kuume, akakaa, akashika volant ya baba yake. Na mi nikazunguka, nikatosha kile kijiti ku kiti, nikakaa kando yake.