Mnaolalamikia njia ya kwenda kwenye kopo langu la Songwa, someni hapa

Habari za mchana wakuu. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, nawasalimu pia, nawajua mpo wengi.

Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo limenikaa kooni tangu nirudi kutoka nyumbani, nitalieleza lilivyo bila kuongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, hata mimi kuna mahali nilicheka.

Mimi ni Msukuma wa Kishapu, upande wa Songwa. Nilizaliwa nyuma ya mapacha, kwa hiyo watu wa kwetu jina langu mmeshalijua. Shija.

Naishi Geita, natengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ukiniona na grisi yangu hadi kwenye viwiko huwezi kudhani nina mchezo wa kistaarabu. Ninao. Unaitwa geocaching.

Kwa wasioujua: unatafuta kopo lenye mfuniko unaobana vizuri, unaweka kikaratasi na vitu vidogo vidogo, unalificha mahali, halafu unaweka location kwenye app. Wengine wanakuja na GPS za simu zao kulitafuta. Ukilipata unasaini jina, unalirudisha palepale, unaandika comment yako. Hakuna zawadi. Mke wangu mpaka leo anasema ni mchezo wa watu wasio na shamba.

Kila kopo lina namba ya ugumu wa njia, kuanzia moja hadi tano. Moja ni tambarare, hata mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anafika. Tano ni kamba na kofia ngumu. Namba hiyo anaiweka mwenye kopo.

Mimi kopo langu la Songwa niliweka mbili.

Hapo ndipo vita ilipoanzia.

Miaka ya mwanzo watu walisifia tu. "Matembezi mazuri", "njia safi", "tumefurahi". Halafu kuanzia mwaka juzi hali ikabadilika. Mmoja akaandika kwamba namba mbili hiyo labda ni ya mbuzi. Mwingine kutoka Dar akapost picha ya suruali iliyochanika paja zima. Akaja mmoja masika, akaacha kiatu kwenye udongo mweusi wa mbuga (anayeujua ule udongo anajua, ukishika mguu unataka ubaki nao). Mwingine akapendekeza nipelekwe Mirembe nikapimwe akili.

Na mimi sinyamazi. Nilikuwa nawajibu nikiwa nimekaa pembeni ya karasha, masikioni nimeziba pamba. Niliwaambia wameharibiwa na lifti na viti vya kuzunguka. Jibu langu kubwa lilikuwa hili: "Njia hiyo mama yangu alikuwa anaipanda na ungo wa viazi kichwani, miguuni ana kandambili. Wewe una raba za milima unalia nini?"

Nilikuwa nalipenda sana jibu hilo. Nililikopi kwa kila mtu.

Na lilikuwa kweli. Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima cha mawe, siyo kirefu, na juu yake kuna mwamba mpana uliolala. Mama alikuwa anaanika michembe pale. Viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande, vinapandishwa juu na kutandazwa. Mwamba unashika joto, kuku hawafiki, vumbi la barabara halifiki. Mimi na mapacha kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege na kugeuza vipande, na kuiba, hilo halikosekani.

Ukiwa juu pale unaona mabati ya Songwa yote na malundo ya mchanga wa mgodi wa almasi wa Mwadui kwa mbali. Jua likizama yanakuwa rangi ya waridi. Nimefanya kazi Geita, nimefanya Kahama jirani na mgodi wa Buzwagi, nimepanda milima ya watu. Sijaona mahali ninapopatamani kama pale.

Ndiyo maana nilipojifunza mchezo huu kopo la kwanza nililipeleka huko, kwenye ufa ulio kando ya mwamba wa mama. Yeye mwenyewe alinipigia tochi ndani nione kama kuna nyoka.

Akataka tuweke na michembe ndani. Nikamwambia sheria zinakataza chakula, kinaita wadudu. Hakuelewa kabisa. Alisema, "Mtu atoke huko kote, apande, afungue, asikute hata cha kutafuna?" Aliona nimewafundisha watu uchoyo.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Wageni wa kwanza walipoonekana wameinamia mawe na simu mkononi, vijana wa kijiji wakajua tayari, almasi. Kwetu huwezi kuinamia jiwe mara mbili bila majembe kufika. Wakachimba pembeni ya kilima. Mama akawaambia ni mchezo wa Shija, hawakumwamini, wakadhani familia inaficha. Akawapa maji ya kunywa, wakaendelea kuchimba hadi walipochoka wenyewe.

Mama alifariki mwaka juzi.

Tulimzika, tukaanua matanga, tukafunga nyumba. Wale mapacha, Kulwa yuko Dar, Doto kaolewa Meatu, mimi nikarudi Geita kwenye kelele zangu. Sikurudi tena nyumbani. Kila nikipata nafasi nilikuwa na sababu: karasha la fulani limekufa, nauli, mvua. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona lile kufuli mlangoni.

Basi, mwezi uliopita akanipigia baba mdogo, Masunga, mdogo wake marehemu baba. Ana ngitili mbele ya kile kilima. Kwa wasiojua, ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote ili majani yakue, ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Kwetu hata mtoto anajua hapakatishwi. Unazunguka.

Alikuwa amekasirika kwelikweli. Alisema wageni wangu wanapita katikati ya ngitili yake wakiangalia simu kama watu waliorogwa. Wametoboa ua wa miiba, na palipotobolewa ng'ombe wa watu wakaingia. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nije kulitoa kopo langu, la sivyo analitoa mwenyewe na kulitupa bwawani.

Wakuu, mtu mzima nikaanza kuhesabu siku zilizobaki. Kopo la shilingi elfu tatu! Lakini ndicho kitu pekee kilichobaki juu ya ule mwamba chenye mkono wa mama.

Hasira nikazipeleka kwa wachezaji. Nikaandika onyo kali kwamba mtu mwenye akili hakatishi ngitili ya mtu, njia ipo nyuma ya nyumba yetu, mzunguke. Kwa kweli ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naandika habari ya kuzunguka. Sikuwahi kuona haja, kwetu ni kama kumwambia mtu aingilie mlangoni.

Siku chache baadaye nikapata ujumbe wa dada mmoja wa Kahama. Anajiita Mama Gift, ana duka la vitambaa. Hakutukana. Aliandika hivi:

"Kaka Shija, habari za kazi. Nimezunguka nyuma kama ulivyoelekeza, hakuna njia. Ni vichaka na miiba mpaka juu. Ila zamani nilikuja na mume wangu, mama mmoja wa nyumba ya pale chini akatuzungusha mpaka inapoanzia njia, akatusubiri, tuliposhuka akatupa michembe. Safari hii nimekuta nyumba imefungwa. Yule mama yupo?"

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikazima karasha la mteja, akaanza kunifokea, sikumsikia.

Mjue mama hakuwahi kuniambia kwamba anawazungusha watu. Nilijua anawapa maji. Zile sifa zote, "njia safi", "matembezi mazuri", mimi nilidhani wanasifia kopo langu. Na malalamiko yalianza lini? Mwaka juzi. Nilikuwa nayo mbele ya macho muda wote, nikawaita watu wavivu.

Nikamjibu Mama Gift kwa kifupi: "Hayupo, dada. Alikuwa mama yangu." Nilichukua muda mrefu kuandika maneno hayo machache. Tangu msiba sikuwa nimeyaandika popote.

Wikiendi ile nikapanda basi la Kahama, nikaunganisha hadi Maganzo, nikachukua bodaboda.

Nilipofika sikufungua nyumba. Nilizunguka moja kwa moja nyuma. Niliijua njia ile hata kwa kufumba macho, inaanzia kwenye jiwe lenye umbo la kigoda, inapinda kulia, inapanda taratibu.

Jiwe nililiona. Njia sikuiona. Palikuwa na migunga imefika kifuani na majani yamefunga kabisa. Nikajaribu kupenya, nikachanika mkono, nikakwama. Mimi, mtoto wa pale pale, nikakwama kwenye njia niliyoipa namba mbili. Hapo ndipo nilipocheka, peke yangu, halafu nikalia.

Baba mdogo akanikuta hapo. Bila shaka aliambiwa kuna mtu anazunguka nyumba ya marehemu.

Nikamwamkia, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, akaniangalia mkono unavuja damu, akaangalia kichaka. Hasira za kwenye simu hakuwa nazo. Nikamwambia nashangaa njia imepotea haraka hivi, ilikuwa njia ya ng'ombe miaka yote.

Akasema, "Ng'ombe gani wanapanda mawe, ng'wanawane? Ile njia aliifyeka mayu wako, kila masika yakiisha. Ulidhani inajifyeka?"

Nikamuuliza mama alikuwa anaifyeka ya nini, kwa sababu michembe aliacha kuanika kule zamani, magoti yalikataa, alikuwa anaanika kwenye bati la jiko.

"Alikuwa anawafyekea wageni wako," akasema. "Tulimkataza, mtu anaumwa magoti anashika panga. Akasema wale ni watu wa Shija, wakipata shida njiani watamsema vibaya mtoto wake."



Akaenda kwake, akarudi na mapanga mawili. Akaanza kufyeka kuanzia kwenye lile jiwe. Nami nikaanza. Tulifyeka Jumamosi ile yote na Jumapili baada ya kutoka kanisani. Tulifika kama nusu ya kilima, Jumatatu asubuhi nikatakiwa Geita.

Juu nilifika kwa kupenya na kuchanika. Kopo lipo, ufa ni uleule. Nikakaa kwenye mwamba mpaka malundo ya Mwadui yakaanza kubadilika rangi. Mwamba ulikuwa bado na moto wa jua. Nikaweka kiganja pale mama alipokuwa anatandaza michembe, nikakaa nao hivyo. Nilimtamani mama yangu kuliko siku tuliyomzika, na hilo silielewi hadi leo.

Niliposhuka nilimwomba baba mdogo asilitoe kopo. Akasema litabaki kwa sharti moja: mtu yeyote apite uani kwetu, azunguke nyuma, na akikuta mtu asalimie. Akikatisha ngitili tena, kopo linakwenda bwawani na mimi nalifuata. Nikamshukuru, wabeja, baba.

Jana usiku nimefungua app nikabadilisha namba. Kutoka mbili, nikaweka nne. Ni kubonyeza tu, lakini kidole kilikuwa kinakataa. Nimejiona kama nimemzika mara ya pili.

Kwa hiyo wote niliowajibu ovyo, yule wa mbuzi, yule wa suruali, yule wa Mirembe, mlikuwa sahihi na ninawataka radhi. Mwenye kiatu, kiatu chako hakijaonekana.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akilalamikia njia yako, nenda ukaipite kwanza kabla hujamjibu. Na kama wazazi wako bado wapo, kuna kitu wanakufanyia ambacho wewe unadhani kinajifanya chenyewe. Kachunguze.

Sasa ombi langu. Mkipita Shinyanga, nendeni Songwa. Zungukeni nyuma. Nusu ya chini ni safi, nusu ya juu pangeni mguu vizuri na mkate tawi mojamoja mnapopita. Mimi nitakuwa nakwenda kila masika yakiisha, panga nimelinunua langu. Mama Gift ameshasema atakuja na mume wake.

Tupieni maoni, hata ya kunisema, safari hii nitasoma nikiwa nimekaa vizuri. Na siku mmoja wenu atakapoandika kwa hasira kwamba nimemtisha bure, amepanda na kandambili, nne gani hii, nitairudisha mbili siku hiyohiyo.

Lalamiko hilo ndilo ninalolisubiri.