Maua ya Mukuba Kwenye Njia ya Bafu

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Ndugu zangu husema mguu wangu unajua safari moja tu: kutoka kitandani mpaka barazani. Wananionea, maana Jumapili nafika hata kanisani. Lakini ndiyo sababu, nyumba yangu ya hapa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi na si nchi ile, ilipoingia hatarini, sikuogopa kupoteza nyumba tu. Niliogopa kupoteza dunia nzima.

Mvua zilikuwa karibu kuisha. Yaya wangu, dada yangu mkubwa anayelima kule Lukafu, alikuja kuniletea unga. Hakufika hata mlangoni. Alisimama katikati ya njia ya kwenda bafu, mfuko ungali kichwani, akapiga kelele:

"Weye! Uko unalala juu ya mukuba na unanyamaza?"

Miguuni pake kulikuwa na maua madogo ya zambarau. Kwetu hata mtoto anajua ua la mukuba, yaani la shaba: huota penye madini hayo udongoni, pale nyasi nyingine zinapogeuka njano na kufa. Waliochimba zamani walilifuata hilo. Mimi, niliyesoma biolojia na kemia mpaka diploma ya sekondari, nilikuwa nikiliruka kila asubuhi na ndoo yangu, nikidhani ni magugu.

Niliinama nikalitazama vizuri. Shina lenye pembe nne, majani mawili mawili yakitazamana, na juu maua yamejikusanya kama kifungo cha koti, na majani madogo meupe chini yake. Zuri kweli. Lakini penye ua hilo wachimbaji hawabishi hodi.

"Yaya, shusha sauti!"

Nilikuwa nimechelewa. Juu ya ukuta kilikuwa kimeshatokea kichwa cha jirani yangu, aliyechimba madini vilimani miaka mingi kabla ya kununua pikipiki.

"Mama voisine," alisema akitabasamu kwa meno yote, "félicitations! Hongera!"

Hazikupita siku nyingi nikasikia sururu nyuma ya ukuta. Nikapanda juu ya kiti nikachungulia.

"Papa, iko nini tena?"

"Niko nachimba puits, mama. Maji ya robine inatuchokesha."

Kisima, sawa, maana bomba letu hukauka kweli. Lakini kisima hushuka, hakikati kona. Sauti ile ilishuka kwanza, halafu ikaanza kuja kwangu. Nililala chini jikoni, sikio sakafuni, kama daktari anayepima mgonjwa mnene: tu, tu, tu. Sahani zikatetemeka kabatini. Kesho yake ufa ukatokea ukutani, juu ya mbabula, jiko ninalopikia kwa mkaa.

Katika nchi hii ya migodi nilishasikia habari za watu wanaokunywa chai sebuleni huku wengine wakipita chini yao na magunia. Nilizicheka zamani. Sasa nilikuwa natembea jikoni kwangu kwa ncha za vidole, nikishika mwiko kama mwizi. Kumwita mkuu wa avenue, kiongozi wa barabara yetu? Angekuja na jembe lake.

Mwishowe nikaamua kung'oa maua yote, kama mtu anayeshusha kibao cha duka. Nikiwa nimechuchumaa hivyo ndipo nikaona jambo. Maua hayakuota ovyo. Yalianzia getini, yakafuata njia, yakapinda pale njia inapopindia pipa la maji, yakasimama mlangoni pa bafu. Nikawaza: Mungu alipoweka mukuba chini ya Katanga, alijuaje nitajenga bafu pale?

Nikakumbuka changarawe nyeusi. Matope yalipotushinda tulimwaga lori zima la changarawe kutoka mahali walipokuwa wakiosha madini, kama avenue yetu yote inavyofanya. Shaba haikuwa chini yangu. Ilikuja kwa lori, na mizizi mifupi ile ilikula hapo hapo juu.

Nilimweleza jirani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, unataka kukula peke yako!"

Basi nikachukua jembe. Mimi, niliyekuwa tayari kulala juu ya ardhi ile asiiguse mtu, nikaichimba mwenyewe, karibu na jikoni. Sidhani kama kuna Mkatanga mwingine aliyewahi kumwomba Mungu amnyime shaba. Baada ya kina cha kiganja, weusi ukakoma, wekundu ukaanza. Kila pigo nilifumba macho, nikiogopa kuyafumbua na kuona kijani, rangi ya jiwe la shaba. Wekundu. Wekundu tena. Shimo lilipofika kiunoni nikamwita.

Aliruka ukuta, akashuka, akavunja bonge, akalinusa, akakwaruza kwa ukucha. Niliogopa maneno mawili tu: *bado kidogo*.

"Ni udongo ya matofali," alisema mwishowe, kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. "Paka udongo ya matofali, hakuna ingine."

Nikakaa pale pale shimoni nikamshukuru Mungu. Ilibidi anivute kwa mikono miwili kunitoa shimoni, huku akisema hata madini hayamsumbui hivi.

Kesho yake nilitoka nyumbani, nikaenda kusimama kwenye kiwanja chake, juu ya shimo lake. Alikuwa akimwaga udongo kulifukia, na mimi nikiukanyaga. Kila alipotaka kupumzika nilimwambia:

"Endelea, papa. Ufa wa jikoni yangu iko unasikiliza."