Bi Mikanda na Mshono wa Mkanda wa Tatu

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Bi Mikanda, na ukimwita vinginevyo huchelewa kugeuka. Yeye ndiye dereva wa gari la kijivu ambalo wafadhili walikipa chama cha familia zenye watu wenye ulemavu. Mlango wa nyuma wa gari hilo ukifunguliwa, ubao mpana wa chuma hushuka hadi chini, na mtu hupanda akiwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Habebwi, wala hashikwi kwapani.

Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na minane, Bi Mikanda aliendesha lori la kusambaza vioo vya madirisha.

"Kioo hakina subira," husema. "Ukikifunga kwa kubahatisha, unafika na mchanga."

Ndiyo maana hafungi kiti kwa haraka. Hukivutia mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, akihesabu kwa sauti. Kisha hukishika kwa mikono yote miwili na kukitikisa kama mtu mwenye ugomvi nacho. Wiki ya kwanza ya kazi alijifunga yeye mwenyewe kitini, akamwomba katibu wa chama aliendeshe gari, ili ajue abiria huumia wapi.

Lakini fundi cherehani mmoja hakutaka hata kulisikia gari hilo.

Binti yake, mwenye miaka ishirini na mmoja, hajawahi kutembea. Kiti chake ni cha umeme, kizito kama kabati, na hakikunjwi. Hakuna teksi iliyoweza kukibeba. Kwa hiyo kila safari mama alimbeba binti mgongoni, wakakiacha kiti nyumbani, na huko walikokwenda binti alikaa pale pale alipowekwa mpaka mama arudi kumchukua.

"Nikifika bila kiti changu, sijafika," alikuwa akisema.

Sasa alikuwa amepata nafasi ya kujifunza kukata lenzi katika karakana ya miwani. Alitakiwa kuripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Asipofika, nafasi ingepewa anayemfuata kwenye orodha. Mama mgongo ulikuwa umeanza kumgomea, na gari alikuwa amelikataa kwa kiapo. Miezi miwili nyuma, mara ya pekee walipolipanda, dereva aliyemtangulia Bi Mikanda alifunga mikanda kwenye magurudumu badala ya kwenye fremu ya kiti. Gurudumu kazi yake ni kuzunguka. Kwenye kona ya kwanza kiti kiligeuka na kugonga ubavu wa gari. Binti alitoka na mkono uliovimba, mama akatoka na kiapo.

Jumamosi asubuhi Bi Mikanda alibisha hodi.

"Karibu," mama alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani, "kama hujaja kwa habari ya gari."

"Nimekuja kwa habari ya gari."

"Basi kaa huko huko nje."

"Shikamoo, shangazi!" binti aliita kutoka ndani, akicheka.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ameamkaje?"

"Ameamka hivyo hivyo unavyomwona."

Mama alikata uzi kwa meno. "Dada, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Kweli kabisa. Wala sikuambii ung'ongo hauumi. Njoo uukanyage mwenyewe. Kaa wewe kwenye kiti, nikufunge, nikuzungushe. Ukiogopa, sitarudi tena."

Binti alishalishika wazo. "Mama, nihamishie kitandani. Ila hicho kijiti cha kuendeshea usikiguse kwa nguvu."

Mama alikigusa kwa nguvu. Kiti kiliruka mbele, kikagonga ndoo ya vitambaa, na binti akacheka mpaka akajifuta machozi.

Garini, Bi Mikanda alifunga mikanda kwenye fremu, akahesabu, akatikisa. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinama juu ya mkanda wa tatu, akiupapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa pindo la nguo ya mteja msumbufu.

"Mshono huu umeanza kuachia."

"Wapi?"

"Hapa, unapokutana na chuma. Nyuzi mbili zimekatika. Wa tatu unajiandaa."

Bi Mikanda alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekagua vifungo, ndoano na vyuma vyote. Uzi hakuwahi kuukagua. Mwingine angesema nyuzi mbili si kitu. Yeye aliufungua mkanda na kuukata katikati kwa mkasi, ili asije mtu akautumia tena.

"Ningeweza kuushona," mama alisema, akiwa ameshangaa kidogo.

"Uzi wa nguo hauwezi kushikilia kiti hiki, dada. Leo gari haliendi popote. Ahsante."

Pengine ni hiyo ahsante iliyomlainisha mama. Jumapili Bi Mikanda alimfuata mtunza ghala wa chama nyumbani kwake, akarudi na mkanda mpya. Mama alikagua mishono yote minne, kisha akaketi.

"Pita ile barabara ya mashimo," aliamuru.

"Ile mbaya?"

"Mbaya kuliko zote."

Walizunguka mara mbili. Mama alirushwa, akapiga kelele, akamtukana aliyeijenga barabara, lakini kiti hakikusogea hata upana wa sindano.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika sita, msimamizi wa karakana alitoka nje na wanaume wawili waliokwisha kukunja mikono ya mashati.

"Tumekuja kumbeba," alisema.

"Hakuna wa kubebwa," Bi Mikanda alimjibu. "Sogeeni tu mlangoni, mmeziba njia."

Ubao wa chuma ulishuka. Binti alisukuma kijiti taratibu, akateremka, akawapita wanaume wale mmoja baada ya mwingine akiwasalimia, na akauliza meza yake ni ipi.

Mama, aliyekuja nao garini, alipiga hatua kumfuata.

"Mama," binti alisema bila kugeuka, "nimeshafika."